Lambo la Udongo na Maji Yatembeayo

Katika nchi kavu za Ukambani, Baringo na Laikipia, lambo la udongo ni mali kubwa. Mvua hunyesha majuma machache, kisha mto hukauka, na tangu hapo watu na mifugo huishi kwa maji yaliyozuiwa na ukuta. Malambo mengi ya Machakos na Kitui yalijengwa katika miaka ya 1940 na 1950, na kuta zake ni nzee kuliko wengi wa wale watekao maji hapo leo. Lakini lambo laweza pia kuua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika majira ya mvua kubwa, ukuta wa lambo la shamba moja huko Solai, Kaunti ya Nakuru, ulibomoka. Maji na tope viliteremka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 40 wakafa, watoto wengi miongoni mwao.

Watu wengi hudhani ya kuwa ukuta wa udongo huvunjwa na uzito wa maji. Sivyo hasa. Ukuta ulioshindiliwa vizuri, mpana chini na mwembamba juu, huweza kuzuia maji yaliyotulia kwa miaka mingi. Adui wake mkubwa ni maji yatembeayo, ama yale yapitayo juu yake, ama yale yapitayo ndani yake.

Maji yakipita juu ya ukuta huchukua chembe za udongo upande wa nje. Mfereji usiozidi upana wa kiganja huongezeka kina, maji mengi zaidi hukimbilia hapo, na kwa saa chache huwa korongo. Kwa sababu hiyo kila lambo hupewa mfereji wa pembeni wa kupitishia maji ya ziada, uliochimbwa katika ardhi ya asili wala si katika udongo uliojazwa. Kwa lambo dogo, sakafu ya mfereji huo yafaa iwe chini ya kichwa cha ukuta kwa futi 3 hivi, yaani karibu mita 1, nao uwe mpana na wenye majani mafupi. Ajabu ni kwamba mfereji huo ndio uharibiwao kwanza. Mmoja hupanda mahindi ndani yake kwa kuwa una unyevu; mwingine hutega wavu ili samaki wasitoroke, na wavu hukamata takataka. Wengine huuziba kwa mawe na magunia ili lambo lishike maji zaidi. Hao wameiba usalama wa ukuta kwa ajili ya maji ya siku chache.

Tena ukuta wenyewe hushuka kadiri miaka ipitavyo, na ng'ombe waukatizao mahali pamoja hufanya bonde dogo juu yake. Jicho halitoshi kuliona. Bomba jembamba la plastiki liangazalo, likijazwa maji na kushikwa na watu wawili, litaonyesha mara moja mahali palipo chini kuliko pengine. Hapo pajazwe udongo na kushindiliwa kabla ya mvua.

Hatari ya pili ni ya siri zaidi. Mchwa huchimba njia zao ndani ya ukuta. Fuko na panya hufanya vivyo hivyo. Mti ulioota hapo hupeleka mizizi mbali, na siku ufapo, mizizi huoza na kuacha mabomba matupu. Basi miche ing'olewe ingali midogo, na majani ya kutambaa yaachwe yafunike udongo. Mti uliokwisha kuwa mkubwa usikatwe tu na kisiki kikaachwa kuoza. Hiyo ni kazi ya kiangazi, ya kuchimbua na kujaza upya kwa shauri la mtu ajuaye ujenzi wa malambo. Nyufa nazo zitazamwe: ufa ukatao ukuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje wafungua njia ya maji, na ufa ufuatao urefu wa ukuta huenda ni dalili ya udongo unaotaka kuporomoka.

Karibu kila ukuta wa udongo huvuja kidogo, na si kila unyevu ni wa kuogopesha. Jambo la kujua ni rangi ya maji na kiasi chake. Mtunza lambo na achukue chupa ya kioo, aikinge maji yatokayo mguuni pa ukuta, ahesabu muda wa kujaa, kisha aiache itulie. Maji yakiwa safi na muda ule ule juma baada ya juma, lambo likiwa na kina kile kile, hali si mbaya. Yakiwa na tope, au chupa ikijaa upesi kuliko zamani, ukuta unaliwa kutoka ndani.

Hapo wakaao bondeni waondoke kwanza, mifugo baadaye. Tundu la upande wa nje lisizibwe kwa udongo wa mfinyanzi, kwa maana maji yaliyofungiwa yatatafuta njia nyingine. Kama bado pakaribika bila hatari, lifunikwe kwa mchanga wa chembe kubwa, kisha kokoto juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Maji ya lambo yapunguzwe kwa pampu au mpira wa kuvutia. Kuukata ukuta ili kuyafungulia ni kulifanya lile lile linaloogopwa.

Sheria ya Kenya yataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kujenga lambo, na wenye malambo ya zamani wanaweza kuomba wataalamu wayakague. Lakini mtaalamu huja siku moja na kuondoka. Mtoto achungaye mbuzi ndiye apitaye mguuni pa ukuta asubuhi na jioni, naye aonyeshwe maji ya tope yalivyo, na aambiwe ni nani wa kumkimbilia.