Kifungu nakielewa, alama hazipandi

SWALI: Mwalimu, niko kidato cha sita, nyumbani ni Kasenyi, wilaya ya Kasese. Kifungu cha Kiingereza kwenye General Paper nakielewa vizuri, lakini alama ninazopata ni chache. Nifanyeje mazoezi?

JIBU: Mwanangu, kuelewa ni kazi moja, kujibu ni nyingine. Swali la kifungu katika mtihani huo wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hutaka ueleze hoja ya mwandishi, uifupishe kwa idadi ya maneno uliyopewa, na ufafanue maneno jinsi yalivyotumika kwenye kifungu. Hapo ndipo wengi huanguka.

Tuseme kifungu kinasema maofisa wa uvuvi wa Ziwa George "turned a blind eye" kwa wenye nyavu za matundu madogo. Aliyekariri kamusi ataandika habari za upofu. Anayesoma sentensi ya kabla na ya baada ataona kwamba waliona, wakanyamaza makusudi. Andika hivyo kwa Kiingereza chako, usinakili.

Kwenye muhtasari, soma swali kwanza. Pigia mstari hoja zinazolijibu tu, acha mifano na marudio, kisha uunganishe na kuhesabu maneno.

Kwa mazoezi, gazeti la New Vision la wiki iliyopita linatosha. Soma makala moja, ufunike gazeti, umsimulie mwenzako kwa Lhukonzo au Kiswahili. Aya ikikushinda kusimulia, hujaielewa, irudie. Ndipo uandike muhtasari kwa Kiingereza, huku ukitazama saa.