Mwezi wa Kuzaliwa na Uteuzi wa Vijana Wanamichezo

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya UMISSETA, walimu wa michezo katika shule zetu za sekondari hukabiliwa na kazi ileile. Vijana wengi hujitokeza uwanjani, nafasi katika timu ni chache, na uteuzi hauna budi kukamilika kwa siku chache. Mwalimu wa Suma, wilayani Rungwe, hufanya kama afanyavyo mwenziwe wa Same au Newala: huwatazama vijana wakikimbia, wakiruka na kugombea mpira, kisha huwachukua wale wanaowazidi wenzao kwa nguvu na mbio. Waliobaki hurudi darasani, na wengi wao hawajitokezi tena.

Swali la makala hii ni hili: mwalimu huyo amechagua nini hasa? Je, amechagua kipaji, au amechagua umri? Swali hili si la walimu wa michezo peke yao. Ni swali la kisayansi, linaweza kupimwa kwa hesabu, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kushiriki katika kulijibu.

Ushahidi kutoka nchi ya barafu

Ushahidi wa kwanza uliojulikana sana ulitoka mbali na migomba na mashamba ya chai ya Rungwe. Ulitoka Kanada, katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, ambapo wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea. Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu ni mgeni, ingawa Nairobi ipo timu iitwayo Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Nchini Kanada, hata hivyo, ndio mchezo wa taifa wa majira ya baridi, na watoto huanza kuucheza wakiwa wadogo mno. Hupangwa katika makundi kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa, na hesabu ya mwaka huanza tarehe 1 Januari. Wanaoonekana bora huteuliwa mapema na kuingizwa katika timu maalumu.

Mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichunguza tarehe za kuzaliwa za vijana waliofika katika timu za juu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1985. Kama mwezi wa kuzaliwa hauna athari yoyote, tungetazamia kila robo ya mwaka itoe karibu asilimia 25 ya wachezaji. Mgawanyo uliopatikana ulikuwa takriban hivi:

Januari hadi Machi: asilimia 40
Aprili hadi Juni: asilimia 30
Julai hadi Septemba: asilimia 20
Oktoba hadi Desemba: asilimia 10

Msomaji aweza kuuliza: je, watoto wa Januari huzaliwa na damu ya michezo? Au ni hali ya hewa ya majira yao? Sayansi haitosheki na kukisia; hutafuta mahali ambapo kisababishi kinachoshukiwa kimebadilika ilhali mambo mengine yamebaki kama yalivyokuwa. Mahali hapo palipatikana Ubelgiji. Hadi mwaka 1997, mwaka wa mashindano ya vijana katika soka ya nchi hiyo ulihesabiwa kuanzia tarehe 1 Agosti; kisha ukahamishiwa tarehe 1 Januari. Watafiti walipolinganisha timu za vijana kabla na baada ya badiliko hilo, waliona kwamba upendeleo nao ulihama: kabla uliwaangukia waliozaliwa Agosti na miezi iliyofuata, na baadaye ukawaangukia wa Januari na miezi iliyofuata. Kisababishi, basi, si nyota wala baridi. Ni tarehe ya kukatia umri.

Hesabu ya umri na ukuaji wa mwili

Tuchukue mfano wa kubuni. Gwamaka amezaliwa tarehe 5 Januari, na Ambakisye amezaliwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Kwa mujibu wa kanuni hawa ni wa rika moja, lakini kati yao kuna siku 349, yaani miezi kumi na moja na nusu. Kwa watu wazima wenye miaka 40 tofauti hiyo si kitu. Kwa watoto wenye miaka 10 ni karibu sehemu moja ya kumi ya maisha yao yote.

Aidha, mwili haukui kwa mwendo uleule kila mwaka. Wakati wa kubalehe huja kipindi cha ukuaji wa kasi, ambacho kwa wastani hufikia kilele kwenye miaka 12 kwa wasichana na miaka 14 kwa wavulana. Mvulana aliye katika kilele hicho aweza kurefuka kwa sentimita 9 au 10 katika mwaka mmoja. Misuli, moyo na mapafu yake pia hupanuka. Wengine hufikia kipindi hicho mapema, wengine kwa kuchelewa, hata wakiwa wamezaliwa siku moja. Kwa sababu hiyo wataalamu hutofautisha umri wa kalenda na umri wa mifupa, na baina ya vijana wa umri mmoja wa kalenda, tofauti ya miaka miwili katika umri wa mifupa si ajabu.

Mkulima wa Rungwe anaijua kanuni hii kutokana na mkungu wa ndizi. Machane ya juu hutangulia kukomaa, nayo ya chini hufuata. Hakuna mkulima ayatupaye machane ya chini kwa kuwa siku ya kwanza aliyakuta mabichi. Mteuzi wa timu ambaye huangalia mara moja tu, katika siku moja, hufanya jambo ambalo mkulima huyo hangelifanya.

Jinsi tofauti ndogo inavyokuzwa

Pengo la miezi kumi na moja hupungua kadiri miaka inavyopita, na lingeweza kutoweka lenyewe kama si uteuzi. Gwamaka, aliyeteuliwa kwa sababu ya urefu wake, hupata mwalimu wa michezo, viatu, mipira, safari za mashindano na sifa za watu. Hufanya mazoezi mara tatu au nne zaidi ya Ambakisye. Baada ya miaka minne Gwamaka ni hodari kweli, na mwalimu wake husema, “Mnaona? Nilimtambua tangu zamani.” Kumbe uteuzi wenyewe ndio uliosababisha tofauti ambayo sasa hutolewa kuwa uthibitisho wa uteuzi.

Je, Ambakisye hakuwa na kipaji? Utafiti mwingine kuhusu Wakanada, uliochapishwa mwaka 2013, unatupa jibu la kutafakari. Watafiti walifuatilia wachezaji waliochukuliwa na ligi kuu ya mchezo wa barafu ya Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1980 na 2007. Waliozaliwa robo ya kwanza ya mwaka walikuwa asilimia 36 ya waliochukuliwa, na wa robo ya mwisho walikuwa asilimia 14.5 tu. Lakini hao wachache wa mwisho walipokwisha kuingia katika ligi, uwezekano wao wa kufikia viwango vya juu, kama vile kucheza michezo 400, ulikuwa takriban mara mbili ya ule wa wenzao. Maana yake ni kwamba wateuzi waliwapa wakubwa thamani kupita kiasi na kuwapunja wadogo, wakazidhuru timu zao wenyewe.

Wilaya ya Rungwe haina haja ya kukumbushwa kwamba vipaji havizaliwi mijini peke yake. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo na ngeni katika ligi, iliwashinda vigogo wa Dar es Salaam na kutwaa ubingwa wa Tanzania. Wilaya yenye vijana wa namna hiyo haiwezi kumudu kuwapoteza nusu yao kwa sababu ya kalenda.

Umri wa kweli na umri wa kwenye karatasi

Hapa nchini tatizo lina sura ya pili. Hesabu za Kanada zilihusu watu ambao tarehe zao za kuzaliwa ni za kweli. Kwetu, timu nyingi za shule hukusanya wanafunzi kwa kidato, si kwa umri, na katika kidato kimoja vijana waweza kupishana kwa miaka miwili au mitatu. Aidha wapo wanaopunguza umri kwa makusudi.

Taifa letu limekwisha kuuonja uchungu wa jambo hili. Mwaka 2005 timu ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika zilizochezwa Gambia, kwa kosa la umri wa mchezaji. Mwaka 2017 timu hiyo ilikwenda fainali za Gabon kwa sababu kosa lilikuwa la wengine: Kongo-Brazzaville iliondolewa baada ya kushindwa kumfikisha mchezaji wake kwenye kipimo cha umri. Kipimo hicho, ambacho FIFA ilikitumia katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009, ni picha ya kifundo cha mkono ipigwayo kwa nguvu za sumaku. Karibu na ncha ya mfupa kuna bamba la gegedu ambamo ukuaji hufanyika. Ukuaji ukiisha, bamba hilo hugeuka mfupa, na ni mara chache sana kuungana huko hukamilika kabla ya miaka 17. Kipimo hiki, hata hivyo, chaweza tu kumtilia shaka aliyekwisha kukomaa. Hakiwezi kumwambia mwalimu nani kazaliwa Januari na nani Desemba. Kwa hilo hakuna badala ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa bahati njema, hali inabadilika. Mwaka 2013 Mkoa wa Mbeya ulianza kutekeleza mpango wa RITA wa kuwasajili na kuwapa vyeti watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao, waliozaliwa mwaka 2008 na baadaye, wamekwisha kuanza kuingia sekondari. Kwa hiyo utafiti ambao zamani ungekuwa mgumu sana kufanyika Suma, leo waweza kufanywa na klabu ya sayansi ya shule.

Mwalimu afanye nini?

Njia ya kwanza haina gharama. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watafuta vipaji walitazama vijana wakicheza mpira. Waliopewa orodha ya tarehe za kuzaliwa waliendelea kuwapendelea wakubwa, kama waliokuwa hawajui lolote. Waliojua kwamba namba za jezi zimepangwa kwa kufuata umri ndio upendeleo wao ulitoweka. Mwalimu aweza kufanya vivyo hivyo siku ya uteuzi: namba 1 apewe aliye mdogo kuliko wote, na namba ya mwisho aliye mkubwa.

Pili, uteuzi usiwe wa mara moja. Walioachwa Februari watazamwe tena, na kila muhula wote wapimwe kimo, uzito na muda wa kukimbia mita 60. Kinachofaa kutazamwa ni mwendo wa maendeleo ya kila mmoja, wala si matokeo ya siku moja tu. Tatu, mara kwa mara vijana wachezeshwe katika makundi yaliyopangwa kwa kimo na ukomavu, ili mdogo apate nafasi ya kuonyesha akili yake ya mchezo bila kuangushwa kwa kifua.

Zoezi la utafiti

Nadharia-tete: mwezi wa kuzaliwa hauathiri uteuzi wa timu ya shule.

Kusanya tarehe za kuzaliwa za wachezaji wote, kutoka kwenye vyeti tu. Zile zilizokadiriwa ziache, kwani desturi ya kumwandikia “1 Januari” mtu asiyejua siku yake huikuza robo ya kwanza kwa uongo. Gawa majina katika robo nne, kisha tumia jaribio la kai-mraba. Kwa kila robo, toa idadi inayotazamiwa kutoka katika idadi iliyopatikana, kuza tofauti hiyo kwa kipeo cha pili, gawa kwa idadi inayotazamiwa, halafu jumlisha.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, timu ina wachezaji 24, nao wamegawanyika 11, 7, 4 na 2. Kila robo inatazamiwa kuwa na 6. Tofauti ni 5, 1, −2 na −4. Vipeo vyake vya pili ni 25, 1, 4 na 16, jumla 46. Ukigawa kwa 6 unapata 7.67. Jedwali la takwimu laonyesha kwamba kwa makundi manne yapaswa kuzidi 7.81 ndipo tuseme kwamba mgawanyo kama huo ungetokea kwa nasibu chini ya mara tano katika mia. Kwa hiyo, ingawa macho yanaona upendeleo dhahiri, timu moja haitoshi kuuthibitisha.

Sasa unganisha shule mbili, wachezaji 48, waliogawanyika 20, 14, 9 na 5. Kila robo inatazamiwa kuwa na 12. Msomaji akamilishe hesabu mwenyewe, atapata 10.5, nayo imevuka mpaka. Hii ndiyo faida ya shule jirani kushirikiana katika utafiti.

Maswali:

1. Kwa nini ni bora idadi inayotazamiwa itokane na daftari la wanafunzi wote wa shule, badala ya kudhani kwamba kila robo ya mwaka huzaliwa watoto sawasawa?

2. Timu ya wasichana ikipimwa kwa njia hii, je, tofauti itakuwa kubwa zaidi katika kidato cha kwanza au cha nne? Eleza kwa kutumia umri wa kilele cha ukuaji.

3. Fanya jaribio hilohilo kwa wanafunzi kumi wa kwanza kimasomo katika kila mkondo wa kidato cha kwanza. Kama upendeleo waonekana hata huko, mwalimu wa darasa ajifunze nini?