OKSIJENI SI DAWA YA KUAGIA DUNIA

Kijana mwenzangu wa Tlawi, tuseme usiku wa leo mdogo wako anahema haraka haraka. Kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, hata uji hawezi kunywa. Mnampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali Mbulu mjini. Nesi anasema, "Tumwekee oksijeni." Bibi anaanza kulia: "Basi tena! Wanaowekewa mpira wa puani hawarudi nyumbani." Utamjibu nini?

Usimcheke. Bibi anasema alichokiona. Ila mara nyingi mpira sio ulioua. Uliwekwa umechelewa. Na tuseme ukweli: kuchelewa kwingine kunatokana na mitazamo ya sisi watu wa afya wenyewe.

Oksijeni inafanya nini?
Katika hewa tunayovuta, kama sehemu 21 kwa kila 100 ni oksijeni. Mapafu huipitisha kwenye damu. Nimonia ikijaza mapafu majimaji, njia inaziba. Dawa ya kuua vijidudu huchukua muda kufanya kazi. Oksijeni humshikilia mgonjwa wakati huo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitaja wazi katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba oksijeni ni tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini, si ya chumba cha upasuaji tu.

Mitazamo mitatu ya kurekebisha

1. "Ngoja kwanza." Pengine mtungi ni mmoja na wagonjwa ni watatu, au umeme umekatika na mashine imezima. Kuchagua ni kugumu, tusiwalaumu bure. Lakini mazoea ya kungoja hubaki hata siku ambayo oksijeni ipo.

2. "Namwona kwa macho, yuko sawa." Macho hudanganya. Ulimi ukishakuwa wa bluu, hali ni mbaya tayari. Kipo kipimo kidogo cha kubana kidoleni, hakichomi wala hakitoi damu. Mtoto akisoma chini ya 90, apewe oksijeni.

3. "Haina madhara, ongeza tu." Ni dawa, na dawa ina kipimo. Ikizidi kwa mtoto njiti inaweza kuharibu macho yake.

Je, mtazamo ukibadilika kuna faida? Ndiyo. Huko Papua New Guinea, hospitali 5 zilipewa vipimo vya kidoleni na mashine za oksijeni, na wahudumu wakafundishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Wewe ufanye nini?
• Ukiona kifua kinabonyea, usisubiri kukuche. Nendeni.
• Muulize mhudumu kwa heshima: "Samahani nesi, kipimo cha kidoleni kinasoma ngapi?" Kuuliza si ujeuri.
• Msiutoe mpira kwa siri. Msiwashe kiberiti wala sigara karibu, oksijeni huchochea moto.
• Mwambie bibi: "Hii ni dawa, bibi. Tumewahi."

Jadilini klabuni
1. Kwa nini watu wanaogopa oksijeni hapa kwetu?
2. Ungekuwa nesi mwenye mtungi mmoja na watoto wawili, ungeanzaje?