Kabla ya Kubadili Gari Litumie Gesi

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 husafirishwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Si ajabu mkazi wa Mtwara akitamani gari lake nalo liitumie. Tunamshauri ajiulize kwanza: nitajaza wapi? Vituo vingi viko Dar es Salaam.

Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Mtungi wa kilo 11, basi, ni sawa na lita 16 hivi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litafika kilomita 190 tu. Halitakwenda Lindi na kurudi. Tangi la petroli lisiondolewe.

Mtungi wa kupikia usifungwe garini kamwe, hata fundi akidai amewafungia wengi. Gesi asilia hushindiliwa kwa mgandamizo wa takribani mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, na mtungi wa jikoni haukuundwa kuuhimili. Gesi ya kupikia yenyewe ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni, ikingoja cheche.

Dai cheti cha mtungi, ulinganishe namba yake na iliyogongwa kwenye chuma, na uulize tarehe ya ukaguzi ujao. Ukinusa gesi, zima injini, funga vali, fungua milango, kisha mwite fundi aliyeidhinishwa alifuate gari hapo lilipo.