Huna Mkataba wa Maandishi? Haki Yako Ipo Palepale

“Utanishtaki kwa karatasi gani?” Mwajiri akishasema hivyo, wengi hufunga virago. Dada aliyehudumu mgahawani miaka mitatu, akiingia alfajiri na kutoka usiku, anaambiwa kesho usije. Kwa kuwa hakusaini chochote, anaamini hana pa kusemea. Anapo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Kifungu cha 15 kinaongeza kwamba shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Haki nazo hazingoji saini:

• Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku.
• Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida.
• Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ya uzazi siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.
• Aliyefanya kazi miezi sita au zaidi haachishwi bila sababu halali na utaratibu wa haki.

Hii si hisani ya tajiri. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 23, linatambua haki ya kazi na ujira wa haki. Katiba yetu inasema hivyo katika ibara za 22 na 23. Mwaka 2015 mataifa yaliweka kazi zenye staha katika Lengo la 8 la Maendeleo Endelevu. Ahadi zote hizo zinapimwa kwa dada huyu.

Kwa hiyo anza leo. Nunua daftari, andika siku, saa za kuingia na kutoka, na kila ulicholipwa. Tunza ujumbe wa simu na miamala ya mshahara. Ukiachishwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu ya malalamiko. Unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa kuachishwa kazi una siku 30. Kwa madai mengine, siku 60. Ukichelewa, itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi.

Usizimalize siku hizo ukibembeleza urudishwe. Hesabu imeanza siku ulipoachishwa.