Nafasi na Wenyewe: Mafunzo Sita Niliyopata

Kazi yangu ni kufundisha hisabati sekondari hapa Mombasa. Nje ya darasa nafuma vitambaa vya makochi, na likizo ikiingia hupenda kuzurura kwenye majumba ya kale na karakana za wachongaji. Kote huko nimekuta watu wanaishughulikia nafasi, lakini kila mtu na yake. Haya ndiyo niliyoyavuna.

1. Penye kipimo cha umbali, pana nafasi

Mwanahisabati hahitaji ardhi wala anga. Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Fréchet alionyesha kuwa vitu vyovyote vinaweza kuunda nafasi, mradi uwe na njia ya kusema kimoja kiko mbali kiasi gani na kingine. Masharti ni machache: umbali wa kwenda uwe sawa na wa kurudi, na kupitia kituo cha tatu kusiwahi kufupisha safari.

Darasani hutumia maneno ya herufi nne. Umbali ni idadi ya herufi zinazotofautiana. Kutoka "kata" hadi "pana" ni 2. Kutoka "pana" hadi "pima" ni 2. Kutoka "kata" moja kwa moja hadi "pima" ni 3. Ukipitia "pana" unatembea 4, kwa hiyo sharti limetimia. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha huanza kuchora ramani ya maneno. Mmarekani Richard Hamming alitumia kipimo hiki hiki mwaka 1950 kusahihisha makosa ya mashine: ishara zikipangwa mbali mbali vya kutosha, moja ikiharibika njiani, mashine huitafutia jirani wa karibu na kuirekebisha.

2. Uzi huonyesha kile ambacho ubao hauwezi

Kwa Euclid, Mgiriki wa kale aliyeandika kanuni za jometri, ukiwa na mstari na nukta iliyo nje yake, ni mstari mmoja tu unaoweza kupita kwenye nukta hiyo bila kukutana na ule wa kwanza. Miaka elfu mbili watu walijaribu kuthibitisha jambo hili kutokana na kanuni zake nyingine, wasiweze. Mrusi Nikolai Lobachevsky mwaka 1829, na Mhungaria János Bolyai mwaka 1832, wakathubutu kusema: inawezekana mistari hiyo ikawa mingi, na hesabu zisigongane.

Niliyafundisha hayo nikiyaamini kwa karatasi tu, hadi nilipojua kwamba mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, aliifuma nafasi ya namna hiyo kwa kroshia. Nikachukua sindano yangu. Unaanza na mnyororo wa kawaida, kisha kila safu inayofuata, baada ya vitanzi vitano unaongeza kimoja. Safu chache za mwanzo hazilalamiki. Baadaye ukingo unakuwa mrefu kupita kiasi, kitambaa kinakataa kulala mezani na kinajikunja marinda. Ukikikunja kwa vidole, mkunjo ndio mstari wako ulionyooka. Chagua nukta pembeni, kunja tena na tena kupitia hapo: unapata mistari kadhaa isiyoufikia ule wa kwanza. Chora pembetatu kwa uzi wa rangi nyingine, na jumla ya pembe zake haifiki nyuzi 180.

3. Mwanafizikia hulazimika kuuliza

Mwanahisabati akishapata nafasi nyingi zisizojipinga, kazi yake imeisha. Mwanafizikia ndiye anayebaki na swali: sisi tunaishi katika ipi? Newton, mwaka 1687, aliichukulia nafasi kama ukumbi uliopo hata wageni wasipofika. Leibniz alibisha kuwa nafasi ni mpangilio wa vitu vyenyewe kwa vyenyewe. Viondoe vitu, na ukumbi haupo. Mwanahisabati Bernhard Riemann, katika mhadhara wa mwaka 1854 huko Göttingen, alisema jibu litatokana na uzoefu wa vipimo.

Vipimo vilikuja. Einstein alitangaza mwaka 1915 kwamba maada huipinda nafasi, na tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, mwanaastronomia Arthur Eddington alipiga picha za nyota kutoka kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, huku wenzake wakiwa Sobral, Brazili. Mwanga uliopita karibu na jua ulikuwa umepinda takriban kama Einstein alivyokadiria. Leo saa za setilaiti za GPS hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, ukijumlisha athari ya kasi yao na ya uvutano. Zisingerekebishwa, ramani ya simu yako ingekosea kwa takriban kilomita 10 kwa siku.

4. Palipoonekana patupu, tafuta chombo kingine

Kwa mwanaastronomia, nafasi ni anga lenyewe, na haliko mbali. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Mpaka wa anga za juu, kwa hesabu inayotumiwa sana, uko kilomita 100 tu kwenda juu. Na ni baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Siku yenyewe ilikuwa 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Kurushia karibu na ikweta kuna faida: dunia inapozunguka, huko ndiko inakoisukuma roketi kwa kasi kubwa zaidi.

Uhuru iligundua kwamba katikati ya makundi ya galaksi, pale darubini za kawaida zilipoonyesha giza, kumejaa gesi yenye joto kali. Utupu ulikuwa wa macho yetu.

5. Mjenzi huipima kwa heshima

Katika nyumba za mawe za Lamu, dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haziendi mbali. Kwa hiyo chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake nadra kuzidi mita 3. Mafundi hawakuweza kuongeza mita, wakaongeza hatua: daka la mlangoni, kiwanda (yaani ua), kumbi mbili ziitwazo msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha faragha. Sakafu hupanda kidogo kila unapovuka, na kila kizingiti kina watu wake. Ukutani kule mwisho kuna zidaka, vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, vinavyolivuta jicho mbele hadi chumba kuonekana kirefu zaidi. Umbali hapo ni suala la nani anakaribishwa hadi wapi.

6. Msanii ana haki ya kukataa kina

Mwitaliano Leon Battista Alberti aliandika mwaka 1435 kanuni za kuchora ili ukuta uonekane kama dirisha. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya silingibodi, hakuzihitaji: mnyama anaijaza picha, nyuma yake hakuna upeo, na humwoni mtu akilalamika. Mchongaji wa Kimakonde naye hutoboa mpingo hadi tundu likawa na uzito sawa na mti uliobaki.

Ningekuwa na usemi katika mtaala, vipindi vya sanaa na jometri vingekutana walau mara moja kila muhula, mada ikiwa mistari sambamba. Kwa Euclid haikutani kamwe; kwa mchoraji hukutana upeoni; na mwaka 1639 Mfaransa Girard Desargues aliutumia upeo huo kuanzisha jometri mpya. Mwanafunzi akiniuliza nani kasema kweli, humrudishia swali: unapima nini, na kwa kipimo gani?