Kumsomesha Mtoto Nyumbani kwa Muda: Sheria ya England Yasemaje?

Jamaa zetu waliolowea England, wenye watoto katika shule za serikali, huuliza aghalabu swali moja: je, mzazi aweza kumtoa mtoto shuleni kwa muhula mmoja, kwa sababu ya maradhi, au uonevu wa wenziwe, au safari ya kwenda Mombasa kumwuguza nyanya yake, akamsomesha mwenyewe, kisha akamrejesha darasani kana kwamba hakupata kutoka?

Haki ya kusomesha nyumbani ipo, tena ni pana kuliko wengi wadhanivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 chamwajibisha mzazi kuhakikisha kuwa mtoto wa umri wa shule apata elimu ya kutwa, inayoafikiana na umri wake, uwezo wake na mahitaji yake, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Na katika maneno hayo machache ya mwisho ndimo ilimokaa ruhusa yote, bila ya kumshurutisha mzazi awe na shahada ya ualimu, wala afuate mtaala wa taifa.

Walakini ruhusa hiyo haina muhula. Mtoto ama yumo katika daftari la shule, ama hayumo. Madhali yumo, siku asiyohudhuria bila ya idhini ya mwalimu mkuu, ambaye naye hatoi idhini ila kwa udhuru usio wa kawaida, huandikwa utoro, hata kama asubuhi nzima alikuwa mezani akifanya hesabu mbele ya mamake. Na utoro ukizidi waweza kuleta faini, mara ya kwanza pauni 160 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, au 80 ikilipwa ndani ya siku 21. Na mzazi akiandika barua kwamba amwondoa mtoto ili amsomeshe nyumbani, jina hufutwa, halmashauri ikaarifiwa, na nafasi ile yaweza kupewa mwingine. Akitaka kurejea huomba upya, na katika madarasa ya watoto wadogo, ambayo kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, aweza kuambiwa pamejaa. Gharama zote, hata ada za mitihani, ni juu yake. (Huko Skotlandi, kumwondoa mtoto katika shule ya umma kwahitaji kwanza idhini ya halmashauri.)

Kwa hiyo, ikiwa sababu ni maradhi, kuandika barua ile ni kujidhulumu. Kifungu cha 19 cha sheria iyo hiyo chaipa halmashauri jukumu la kumpatia elimu mtoto asiyeweza kwenda shule kwa ugonjwa, na mwongozo wa serikali wataja siku 15, ziwe za mfululizo au za kujumlishwa. Na jina lake hubaki daftarini. Aliyesimamishwa kwa utovu wa nidhamu naye hupewa kazi za kufanya nyumbani siku tano za mwanzo, na kuanzia ya sita ni lazima apatiwe mahali pa kusomea.

Nionalo baya zaidi ni pale shule, ikiwa imechoshwa na mtoto mtundu, imwitapo mzazi kwa upole na kumwekea mbele barua iliyokwisha kupigwa chapa, isemayo kwamba yeye kwa hiari yake ameamua kumsomesha mwanawe nyumbani. Shule haina mamlaka ya kumshurutisha. Asitie sahihi, aombe nakala, aende nayo kwake, kisha aiandikie idara ya elimu ya halmashauri, akitaja siku, saa, na majina ya wote waliokuwamo chumbani.